Mume na Mke Katika Chumba Kimoja

Wasikilizaji, mtu asafiriye kwa basi kutoka Singida kwenda Nzega hupita mahali paitwapo Misigiri, katika wilaya ya Iramba. Hapo ndipo njia ya kwenda Kiomboi, makao makuu ya wilaya, inapoachana na barabara kuu. Abiria wengi hawapajui mahali hapo ila kwa dakika chache tu: gari husimama, wachuuzi huyakimbilia madirisha, kisha safari huendelea kuelekea mteremko wa Sekenke na mbuga za Wembere. Lakini kwa vijana waliozaliwa katika vijiji vya jirani, njia panda ya namna hiyo ni mahali pa kutafuta riziki. Palipo na magari pana matengenezo ya magari, na palipo na wasafiri pana chakula cha kuuza. Basi kijana hutoka kwao, hupata kazi, huoa, na siku ya kwanza ya maisha yake ya ndoa huianzia si katika nyumba aliyoijenga, bali katika chumba kimoja cha kupanga.

Habari za chumba hicho ndizo nitakazozieleza leo. Wazee wengine huwacheka vijana hawa, wakisema ya kuwa wanaishi kama vitu vilivyofungiwa ndani ya sanduku. Mimi sioni sababu ya kucheka. Mume na mke katika chumba kimoja wana kazi ambayo babu na bibi zao hawakuwa nayo. Katika mji mkubwa wa kijijini, mambo mengi yaliamuliwa na nafasi yenyewe: moto una mahali pake, mgeni ana mahali pake, mifugo ina mahali pake, na mtu mwenye hasira ana mahali pa kwenda kukaa mpaka hasira zimtoke. Katika chumba kimoja hakuna nafasi ya kuamua. Hapana budi mume na mke wasemezane na kuamua wenyewe, tena mapema, kabla jambo halijawaangukia.

Itazameni kwanza nyumba ya zamani. Katika nchi za Singida na Dodoma watu wengi walikaa katika tembe, yaani nyumba ndefu yenye kuta za miti na udongo, na paa lake si la mgongo bali la bapa, limefunikwa kwa udongo juu ya fito. Ndani ya tembe mlikuwa na sehemu ya kulala, sehemu ya vihenge vya nafaka, sehemu ya ndama na mbuzi, na uwanja mbele yake. Kijana aliyeoa alipewa sehemu yake, au alijenga karibu na baba yake. Hakuwa peke yake katika jambo lolote, la heri au la shari.

Chumba cha kupanga kina asili nyingine. Katika miji ya pwani, kama Dar es Salaam na Ng'ambo ya Unguja, watu walizoea nyumba yenye ujia katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, na ua nyuma wenye jiko na choo. Nyumba hiyo ilifaa sana kwa kupangisha, maana kila chumba kina mlango wake katika ujia, na mwenye nyumba aweza kuwaweka watu wa asili mbalimbali chini ya paa moja. Mtindo huo ukaifuata njia ya biashara hata bara, ukafika Tabora na Ujiji. Siku hizi katika miji midogo ya barabarani huonekana pia safu ya vyumba vilivyojengwa mstari mmoja, milango yote ikitazama ua, na paa moja refu la mabati. Apataye vyumba viwili husema amepanga "chumba na sebule", naye huhesabiwa kuwa mtu aliyefanikiwa.

Sasa tuwachukue mume na mke kwa mfano tu. Mume ni fundi wa pikipiki. Karakana yake ni kivuli cha mti kando ya barabara. Mke ni mshonaji, ana cherehani. Chumba chao kina urefu wa hatua tano na upana wa hatua nne, mlango mmoja na dirisha moja. Ndani mna kitanda, cherehani, meza ndogo, ndoo mbili za maji, kabati la vyombo, sanduku la nguo chini ya kitanda, gunia la mkaa nyuma ya mlango, na jiko la mkaa. Pazia limepita katikati, ili mtu ajaye mchana asikione kitanda. Pazia hilo si pambo. Kwa kitambaa hicho tu chumba kimoja hugeuka kuwa viwili, na mke mwenye busara hulitundika siku ileile ya kuhamia, kabla hajafungua vyombo.

Asubuhi mume huamka kwanza, maana pikipiki za abiria huanza kazi kabla ya jua kutoka, na iliyoharibika usiku hutakiwa alfajiri. Mke hufagia, humwaga maji ya kunawia, hukunja chandarua, kisha huisogeza cherehani karibu na mlango apate mwanga. Kuanzia saa hiyo chumba cha kulala kimekuwa duka la kushonea. Saa sita meza husafishwa, nguo za wateja hutundikwa juu ya msumari, na chumba huwa mahali pa kulia. Ugali, mlenda na kipande cha kuku huliwa pale pale palipokatwa kitambaa. Jioni kikageuka tena. Mtu asiyezoea hudhani ni fujo, lakini ndani yake mna utaratibu mkali: kila kitu kina saa yake, kwa kuwa hakiwezi kuwa na mahali pake.

Lakini katika vitu vyote vya chumba hicho, kimoja hakikubali utaratibu huo. Kitu hicho ni moto. Nawaomba wasikilizaji waniwie radhi nikikaa hapa zaidi kuliko penginepo, kwa kuwa mambo mengine yote yakikosewa huleta ugomvi, na hili likikosewa huleta mauti.

Uwanda wa Iramba uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,000. Katika miezi ya Juni na Julai upepo wa usiku huwa mkali, na mabati hayazuii baridi. Mke amekwisha pika chakula cha jioni uani. Mkaa bado una moto mzuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Mume asema, "Mke wangu, mbona tuuache moto huu upotee bure? Tuuingize ndani utupashe." Wanaliingiza jiko, wanafunga mlango kwa komeo, wanaziba dirisha kwa nguo ili upepo usipite, wanalala. Asubuhi majirani wanagonga mlango na hapana ajibuye. Mambo hayo yametokea mara nyingi katika Tanzania na katika nchi nyingine, na watu wengine husingizia uchawi au chakula kibaya.

Sababu yake ni hii. Mkaa ni kaboni. Ukaa unapowaka mahali penye hewa tele, hutoa hewa ile ile tuitoayo puani. Lakini unapowaka katika chumba kilichofungwa, hewa safi hupungua, na mkaa hauwaki kwa ukamilifu. Hapo hutoa hewa nyingine ya sumu, ambayo wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta huingia katika damu, na huko huishika ile sehemu ya damu ichukuayo oksijeni, nayo huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Basi mapafu hufanya kazi, moyo hupiga, lakini damu inachukua mzigo usiofaa, na ubongo hufa kwa kukosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mtu aliye macho aweza kuzitambua dalili hizo akatoka nje, aliyelala hazitambui.

Hapa yafaa kuuliza swali moja ambalo wazee huliuliza kwa haki: mbona sisi tulilala na moto ndani ya tembe miaka yote na hatukufa? Jibu ni mambo mawili. Kwanza, nyumba ile ilikuwa na nyufa na matundu mengi, hewa ilipita. Chumba cha sasa kimepigwa lipu, sakafu yake ni ya saruji, mlango wake unakaza, na mara nyingi kina dari. Pili, moto wa zamani ulikuwa wa kuni, nao hutoa moshi. Moshi ni adui, tena huharibu macho na mapafu; lakini ni adui apigaye kelele. Mtu hukohoa, hulia machozi, hufungua mlango. Mkaa uliokolea haupigi kelele. Kadiri moto unavyopendeza, ndivyo mtu anavyousadiki.

Kwa hiyo jiko la mkaa lipikie nje, na lilale nje. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kuwa kinga ya mtu aliyelala. Makaa yaliyobaki yatiwe katika debe lenye mfuniko. Yatazimika, na kesho yatatumika tena, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Baridi iondolewe kwa blanketi la pili, hata kama ni la mtumba. Ikitokea kumkuta mtu amezidiwa ndani ya chumba chenye jiko, fungua mlango na dirisha mara moja, mtoe nje penye hewa, usikae ndani kumwuliza maswali, kisha apelekwe hospitali upesi hata kama amezinduka.

Wengine siku hizi wamenunua mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6. Mwezi Mei 2024 serikali ya Tanzania ilitangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia, nia yake ikiwa asilimia 80 ya watu wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034. Gesi ni nafuu kubwa kwa mpangaji wa chumba kimoja, maana haina majivu wala gunia. Hata hivyo ina tabia yake. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, bali hushuka sakafuni na kujikusanya, na katika chumba chetu sakafu hiyo ni chini ya kitanda. Kwa bahati njema wauzaji huitia harufu kusudi ijulikane. Ukiisikia harufu hiyo usiwashe kiberiti, wala usibonyeze swichi ya taa. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, utoke.

Tuache moto, twende uani. Ua ni wa watu wote, na choo ni cha watu wote, na bomba kama lipo ni la watu wote. Zamu za kufagia na kuosha choo hupangwa na mama mwenye nyumba, au na mpangaji aliyekaa siku nyingi kuliko wengine. Sitaji mengi hapa. Kila aliyewahi kupanga anayajua. Nasema tu ya kuwa bibi arusi mgeni akiipokea zamu yake ya kwanza bila kununa, amekwisha jinunulia amani ya mwaka mzima.

Umeme ndio uletao fitina zaidi. Nyumba nyingi za kupanga zina mita moja ya LUKU, maana yake Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na wapangaji huchanga fedha sawasawa. Usawa huo si wa kweli. Umeme hupimwa kwa uniti, na uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa nzima hula uniti moja. Taa ndogo ya kisasa ya wati 9 itawaka saa 111 kabla haijamaliza uniti hiyo. Yaani ukiiwasha saa nne kila usiku, ni siku 27. Basi mpangaji mwenye taa moja tu akichanga sawa na mwenye pasi na friji, amemlipia mwenzake. Mke wetu mshonaji ana pasi, kwa kuwa nguo hainyooki bila pasi. Ni heri aseme mwenyewe, "Jirani, mimi natumia pasi, nitaongeza kiasi fulani," kuliko kungoja mpaka majirani wahesabu mara ngapi mwanga ulififia. Akipata fedha kidogo, na mwenye nyumba akikubali, mita ndogo ya kila chumba humaliza mashauri yote.

Kuna kitu kingine kipitacho ukutani bila mita, nacho ni sauti. Katika safu ya vyumba kuta nyingi hazifiki hata kwenye mabati. Juu pana wazi, na kikohozi cha chumba cha kwanza husikika chumba cha tatu. Mume na mke wakigombana, ua mzima umegombana. Nimesikia watu wakisema ya kuwa jambo hilo ni baya kabisa. Mimi naona lina uso wa pili. Mwanamume ainuaye mkono katika nyumba iliyo peke yake shambani hana amwonaye. Katika nyumba ya kupanga, majirani husikia na hugonga mlango. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, yasema wazi ya kuwa hakuna mtu aliye na haki ya kumpiga mwenzi wake. Kwa hiyo jirani agongaye mlango haingilii mambo ya watu. Yuko upande wa sheria. Ama kwa magomvi madogo, ya chumvi na ya kuchelewa kurudi, yafaa mume na mke wajifunze kuzungumza wakiwa njiani. Wengi hufanya hivyo: jioni hutoka kama watu waendao dukani, na maneno magumu huyamaliza barabarani, ambako malori hufunika sauti.

Kisha siku moja mama mkwe huja. Hapo chumba kimoja hupata mtihani wake. Katika makabila mengi ya bara heshima ya wakwe ni kubwa: mkwe halali chumba kimoja na mwanawe aliyeoa, wala hapaswi kukiona kitanda chao. Mama ametoka kijijini na kuku wawili na kibuyu cha maziwa, ana nia njema, naye hajui ya kuwa mwanawe ana mlango mmoja tu. Akilazwa nyuma ya pazia, hapana atakayelala: mama ataona haya, mkwewe ataona haya, na mume atakaa nje mpaka usiku wa manane akijifanya anatengeneza pikipiki. Njia iliyo njema ni kuafikiana na majirani kabla. Mpangaji mmoja mwanamke aliye peke yake humpokea mama wa jirani kwa usiku mbili tatu, na siku yake ikifika atapokelewa wa kwake. Au mke hulala na mama mkwe ndani, na mume hulala kwa rafiki yake. Si aibu. Ila mume ndiye amweleze mama yake, tena mwenyewe, asimwachie mkewe. Mke akisema, "Mama, leo utalala kwa jirani," itasikika kama anafukuza. Mwana akisema, "Mama, nimekutafutia mahali pazuri pa kupumzika, chumba changu ni kidogo," mama atacheka na kuitikia.

Sasa tuje kwenye fedha. Mwenye nyumba hapendi kodi ya mwezi mmoja mmoja. Hutaka miezi mitatu, au sita, au mwaka mzima, tena mbele. Tuseme, kwa mfano wa kuhesabia tu, chumba ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 180,000. Fundi wa pikipiki hapati fedha hizo kwa mkupuo. Hupata leo 8,000, kesho hapati kitu. Lakini miezi sita ina majuma 26. Akiweka 7,000 kila juma, siku ya kodi ikifika ana 182,000. Ugumu wake si hesabu, ni mahali pa kuziweka. Fedha iliyo mfukoni mwa fundi hununua spea. Wengi humkabidhi mke, naye huiweka katika kikundi cha akina mama au katika simu. Ni desturi njema, lakini huzaa swali ambalo vijana hawapendi kuliuliza wakati wa mapenzi: vitu vya chumba hiki ni vya nani?

Ichukueni cherehani ile. Tuseme mke alikuja nayo kutoka kwao. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Ndoa chasema ya kuwa ndoa haigeuzi umiliki wa mali. Aliyekuwa nayo kabla, bado ni yake. Na kifungu cha 56 kinampa mwanamke aliyeolewa haki ile ile ya mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Basi cherehani ni ya mke. Au tuseme mume aliinunua baada ya arusi, akampa mkewe kama zawadi. Kifungu cha 61 chasema ya kuwa zawadi hiyo huhesabiwa kuwa mali ya aliyepewa, mpaka mtu athibitishe vingine. Bado ni ya mke. Mume akiiuza kimyakimya ili alipe deni, ameuza kitu kisicho chake.

Lakini mali nyingi za chumba hazikuja hivyo. Kitanda kilinunuliwa kwa fedha ya pikipiki, godoro kwa fedha ya ushonaji, na kiwanja kidogo ambacho wamekwisha anza kukilipia, kwa fedha ya wote wawili. Na je, mke asingekuwa na cherehani, akawa apika, afua na kulea mtoto tu? Jambo hili lilifika katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mahakama iliamua ya kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali waliyoipata pamoja. Kwa kuwa mume aendaye kazini huku nyumba yake ikitunzwa, hakuichuma mali hiyo peke yake. Watu husahau mwisho wa kesi hiyo: Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu mumewe alikuwa amekwisha mpa fedha ya kuanzisha mradi, naye akaitumia isivyo. Lakini neno lililosemwa siku ile limebaki, na wanawake wengi baada yake wamelitegemea.

Tena wako vijana wakaao pamoja bila arusi, wakisema ya kuwa watafunga ndoa mahari ikitimia. Kifungu cha 160 chawahusu hao. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, hata watu wakawajua kuwa ni mume na mke, sheria hudhania ya kuwa wameoana, ijapokuwa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Na ni nani ajuaye walikaa miaka mingapi? Ni wale majirani wa ukutani, waliosikia kikohozi chao. Na mwenye nyumba, kwa stakabadhi zake za kodi.

Kwa sababu hiyo, mtu asidharau karatasi. Mkataba wa chumba uandikwe, ijapokuwa mwenye nyumba ni mzee wa heshima, na yatajwe majina yote mawili, la mume na la mke, pamoja na tarehe, kiasi cha kodi, na miezi iliyolipwa. Jina la mke likiwamo, mume akipatwa na ajali barabarani au akienda kutafuta kazi mbali, hapana awezaye kumwambia mke, "Mimi nilimpangisha mumeo, si wewe." Kila malipo yapate stakabadhi. Aliyelipa kwa simu ahifadhi ujumbe, na aunakili kwa kalamu katika daftari, maana simu huibiwa. Daftari na mkataba vitiwe katika mfuko wa nailoni na kuwekwa ndani ya sanduku la nguo. Visiwekwe juu ya ukuta penye panya, wala chini ya godoro, ambako mtoto atakayezaliwa ataviharibu katika wiki yake ya kwanza.